Makofi kwa Polonius: kisa cha onyesho la Hamlet mjini Dodoma

Kikundi kimoja cha vijana wa Dodoma, wengi wao wanachuo na walimu wanaoanza kazi, kiliandaa vipande vitatu vya Hamlet ya Shakespeare kwa Kiswahili na kuvionyesha katika ukumbi wa kukodi maeneo ya Makole. Tafsiri waliifanya wenyewe. Walitaka watu wazungumzie upelelezi na kutoaminiana, kwa hiyo mzimu wa baba yake Hamlet waliuacha, na hata ile hotuba maarufu ya kuwapo au kutokuwapo wakairuka. Walichukua pale mzee Polonius, mshauri wa mfalme wa Denmark, anapomtuma mtumishi wake Reynaldo kwenda Paris kumchunguza Laertes, mtoto wake wa kiume. Wakachukua pale Polonius na Mfalme Claudius, ami yake Hamlet, wanapojificha ili wasikilize mazungumzo ya Hamlet na Ophelia, binti wa Polonius. Cha mwisho ni pale Polonius anapochomwa upanga akiwa nyuma ya pazia, chumbani kwa Malkia Gertrude, mama yake Hamlet. Mimi niliitwa kukaa nao kwenye mazoezi na kuongoza mjadala baada ya maonyesho.

Siku ya kwanza Polonius alipigiwa makofi.

Hayakuwa makofi ya kumpongeza mwigizaji mwishoni. Yalikuja katikati ya igizo, pale anapomwagiza Reynaldo asianze kwa kumwona kijana. Aanze kwa watu wanaomfahamu, ajue wanaishije, wanakaa wapi, wana marafiki gani na matumizi yao yakoje. Baba mmoja aliyekaa mbele akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mzazi!" Ukumbi ukamwitikia. Kuanzia hapo mzee alikuwa na watu wake. Alipojificha amsikilize binti yake, walimwona analinda heshima ya nyumba. Alipouawa, walisikitika kama wamefiwa na jirani, na kwenye mjadala Hamlet aliitwa mhuni aliyemuua mzee wa watu.

Vijana walivunjika moyo. Mwongozaji wao, dada anayefundisha Kiswahili sekondari, alitaka onyesho la pili Polonius aonekane mwovu waziwazi: aongee kwa kunong'ona, atembee kwa kunyata, watu wamchukie mapema. Nilipinga, na hadi leo napinga. Hadhira ile ilikuwa imeona jambo la kweli ndani ya tamthilia, na kumpaka mzee masizi usoni kungewanyima nafasi ya kulifuata hadi mwisho.

Dodoma ni mji wa watu waliotoka kwingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007, na tangu 2016 wizara zimehamia kwa kasi hadi Mtumba ikawa mji wa serikali. Kila wimbi limeleta vijana ambao wazazi wao wako Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Singida au mbali zaidi. Mzazi wa namna hiyo hawezi kupanda basi kila wiki kuja kuona kama mwanawe anaingia darasani. Ana shemeji wizarani, au jirani wa zamani mwenye duka Majengo. Anapiga simu: niangalizie mtoto wangu, nasikia bumu, ile fedha ya mkopo wa wanachuo, likitoka tu wanapotea. Hiyo ni kazi ya ukoo, na mjomba anayekaa mji mmoja na mpwa wake bila kujua habari zake ndiye atakayeulizwa siku mambo yakiharibika. Mtu aliyelelewa hivyo akimwona Polonius anatoa fedha na barua zipelekwe kwa kijana ughaibuni, kisha anaomba aletewe habari, anamtambua mara moja. Ni yeye mwenyewe.

Nadhani watazamaji wa kwanza pale London nao walimtambua, kwa njia yao. Hamlet iliandikwa karibu na mwaka 1600, na kizazi kile kilikuwa kimeishi chini ya macho mengi. Francis Walsingham, waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza aliyefariki 1590, alikuwa na wasomaji wa barua za watu; mwaka 1586 barua za siri za Mary, malkia wa Waskoti, zilipitishwa ndani ya mapipa ya pombe, zikafunguliwa na kusomwa na watu wake, na mwaka uliofuata Mary akakatwa kichwa. William Cecil, mshauri mkuu wa malkia yuleyule, alimpeleka mwanawe Thomas Paris mnamo 1561 na kuwa anaandikiwa habari za mwenendo wake, nyingine za kumuudhi sana. Mzee wa serikali anayefuatilia kijana wake Paris hakuwa kiumbe cha kubuniwa tu.

Basi swali letu likabadilika. Kama kumfuatilia mtoto kupitia jamaa si kosa, Polonius anakosea wapi hasa?

Tulirudi kwenye maandishi tukasoma maagizo yake taratibu. Mzee hamwambii Reynaldo aulize tu. Anamwagiza amsingizie Laertes. Ukikutana na wanaomjua, anasema, jifanye unamfahamu kwa mbali, kisha dondosha doa: kwamba anacheza kamari, anakunywa, anaapa ovyo, anagombana, anakwenda kwa makahaba. Kama msikilizaji ameshawahi kumwona kijana katika hayo, atakubali na kuongeza lake. Kwa chambo cha uongo, anajisifu Polonius, utamvua samaki wa ukweli. Reynaldo, ambaye ni mtumishi na anaongea kwa adabu zote, anashtuka na kumwambia bwana wake kwamba hilo litamvunjia kijana heshima. Mzee anajibu haliwezi, mradi ulitie viungo vizuri.

Onyesho la kwanza maneno haya yalikuwamo, lakini yalipita kwa kasi na watu walicheka. Kwenye mazoezi yaliyofuata tulimwomba mwigizaji wa Reynaldo akae kimya kidogo kabla ya pingamizi lake. Kimya hicho kilitosha kubadili uzito wa kipande kizima. Mtumishi ndiye wa kwanza kuona kwamba jina la kijana ndilo linalolipa gharama ya uchunguzi. Fikiria shemeji wa wizarani akienda hosteli na kuanza kuwaambia wenzake wa mpwa wake, "Huyu si ndiye yule anayeuza simu za wizi?" ili tu aone watakavyojibu. Akiondoka, maneno yanabaki hosteli. Hata kama kila mmoja amekana, kesho kuna mtu atasema nilisikia.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi huliruka. Reynaldo anaondoka na hatumwoni tena hadi mwisho. Ripoti ya Paris haiji. Na katikati ya kutoa somo lake la hila, Polonius anasahau alichokuwa anasema na inabidi mtumishi amkumbushe. Shakespeare ametumia sehemu kubwa ya tukio hili kueleza ufundi wa kupeleleza, halafu hakuupa matokeo yoyote. Waongozaji hukikata kipande hiki kwa kuona hakisogezi hadithi mbele. Kwangu mimi ndicho kinachokupa namna ya kuusoma upelelezi wote unaofuata.

Ufunguo wa kisa chetu, hata hivyo, ulikuwa kwenye nusu ya pili ya tukio hilohilo la Reynaldo, ambayo kikundi kilikuwa kimeikata ili kuokoa muda. Reynaldo akitoka tu, Ophelia anaingia anatetemeka. Baba anauliza kuna nini. Binti anamweleza kila kitu: alikuwa chumbani anashona, Hamlet akaingia bila kofia, nguo wazi, soksi zimelegea hadi vifundoni, akamshika mkono kwa nguvu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akavuta pumzi kama mtu anayekata roho, akaondoka bila kuondoa macho kwake. Baba anauliza kama alimwambia maneno makali. Hapana, anajibu, ila nilifanya ulivyoniagiza: nilizirudisha barua zake na kumkatalia asinijie.

Angalia zilivyopangwa. Dakika chache zilizopita tumemwona mzee anasuka mbinu ndefu ya uongo ili apate ukweli wa mtoto mmoja. Sasa mtoto mwingine anauleta mwenyewe mlangoni, kwa kuulizwa tu. Hakutumwa mtu, hakutegwa. Na Polonius anajua kwamba amekosea: anajuta kwamba hakumwangalia Hamlet kwa busara zaidi, anailaani shaka yake mwenyewe, na anasema wazee huzidisha dhana kama vile vijana wanavyokosa hadhari. Hakuna mtu katika tamthilia hii anayekisema kiini cha kutoaminiana kwa uwazi kuliko mpelelezi mwenyewe. Kisha anafanya nini? Anamwambia binti, twende kwa mfalme.

Hapo ndipo napomshtaki Polonius, na si mahali pengine. Alichoambiwa na mwanawe kwa siri ya mzazi na mtoto anakigeuza kuwa mali ya ikulu. Barua ya mapenzi ya Hamlet ambayo Ophelia amempa kwa utii anaisoma kwa sauti mbele ya Claudius na Gertrude, huku akikosoa lugha yake. Halafu anatoa wazo la kumfungulia binti kwa Hamlet, neno analotumia ni kama la mtu anayefungulia mnyama, na wao wakae nyuma ya pazia. Mtoto aliyesema ukweli anageuzwa chambo.

Tulipokirudisha kipande kile, mzee mmoja anayetusaidia mambo ya jukwaa, mtu mzima mwenye wajukuu, alibishana na mwongozaji.

"Mwanangu, wewe bado huna mtoto," alimwambia. "Binti anatishwa na mwana wa mfalme. Baba yake asiende kwa mfalme aende kwa nani?"

"Aende, mzee wangu, sikatai," dada akajibu. "Ila amwulize kwanza binti kama anataka twende. Na wakifika huko, amwache azungumze mwenyewe."

Mzee alinyamaza, akakubali la pili. La kwanza hakulikubali, na sidhani alipaswa kulazimishwa. Baba wa kizazi chake hamwombi binti ruhusa ya kumtetea.

Kipande cha pili ndicho kilichotuchukua muda mwingi, kwa sababu ya swali ambalo kila kikundi kinachoigiza Hamlet hukutana nalo: je, Hamlet anajua kwamba anasikilizwa? Ophelia amepewa kitabu ajifanye anasoma. Claudius na Polonius wamejificha tayari kabla Hamlet hajafungua mdomo, kwa hiyo hata ile hotuba ya kuwapo au kutokuwapo anaisema akiwa ndani ya mtego. Anazungumza na Ophelia kwa upole mwanzoni, kisha kwa ukali, kisha ghafla anauliza: "Baba yako yuko wapi?"

"Nyumbani, bwana wangu."

Huo ndio uongo wa wazi wa Ophelia, na anausema akijua baba yuko hatua chache nyuma yake. Wengine humfanya Hamlet aone mguu chini ya pazia au asikie kikohozi kabla ya swali. Vijana wetu walitaka hivyo, kwa kuwa inasisimua. Mimi niliwashauri Hamlet asione chochote. Aulize tu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Akiwa ameshaona mguu, swali linakuwa mtego wake yeye, na tunabaki na watu wawili wanaotegana. Akiuliza bila kujua, basi kuna sekunde moja ambamo ukweli ungeweza kusemwa, na kilichouzuia ni masikio ya watu wawili nyuma ya pazia. Mpelelezi ameyaharibu mazungumzo aliyokuja kuyasikia. Claudius anatoka pale bila kujua Hamlet anawaza nini juu yake. Amejua tu kwamba si mapenzi, na kwamba kuna hatari. Polonius amesikia yaleyale na bado anashikilia kwamba ni mapenzi.

Ulinganifu uko kwa Rosencrantz na Guildenstern. Hawa ni marafiki wa utotoni wa Hamlet, walioitwa na mfalme na malkia wamchunguze. Hamlet anawapokea kwa furaha, kisha anawauliza moja kwa moja: mmekuja wenyewe, au mliitwa? Wanazungukazunguka kidogo, wananong'onezana, halafu Guildenstern anakiri: "Bwana wangu, tuliitwa." Swali moja la wazi limefanya ambacho mapazia yote ya Elsinore, ikulu ya mfalme, hayakufanya. Ninaamini kabisa kwamba hilo ndilo Shakespeare alilokuwa akituonyesha, na si bahati mbaya kwamba maneno ya kwanza ya tamthilia ni "Nani pale?", tena yanatoka kwa askari anayekuja kupokea zamu, akimuuliza aliyeko zamuni. Aliyeko zamuni anamrudishia: hapana, wewe ndiye unijibu. Katika nchi ile hata mlinzi na mlinzi mwenzake hawaanzi kwa salamu.

Hamlet naye simtetei. Anamtega Claudius kwa igizo, ili aone kama ndiye aliyemuua baba yake, na kumwomba rafiki yake Horatio amkazie macho. Akiwa safarini kwenda Uingereza anafungua barua ya mfalme usiku, anaandika nyingine, anaipiga muhuri kwa pete ya baba yake, na wale marafiki wawili wanapelekwa kufa. Anaweza kusema kwamba barua ya kwanza iliagiza auawe yeye, na ni kweli. Lakini yule aliyeuliza "mliitwa?" akapata jibu la ukweli amekwisha kujifunza kazi ya wenyeji wake.

Onyesho la pili lilikuwa na mabadiliko matatu. Nusu iliyokatwa ilirudi. Reynaldo akapewa kimya chake. Na viti vilipangwa upya: pazia liliwekwa pembeni mbele ya hadhira, wapelelezi wakakaa upande wetu, kwa hiyo tulimwona Hamlet kwa shida na Ophelia kwa mgongo. Baadhi ya watu walilalamika hawaoni vizuri. Mwongozaji aliwaambia wavumilie, na alikuwa na haki. Mtu akikaa upande ule anagundua kwamba anayejificha huona kidogo kuliko aliyesimama mwangani.

Mstari uliobadili ukumbi ulikuwa mfupi. Hamlet ametoka kwa matusi, Ophelia amebaki peke yake, amelia na kusema maneno ya kusikitikia akili ile kubwa iliyoanguka. Wapelelezi wanatoka. Mfalme anazungumzia Uingereza. Polonius, karibu kama mtu aliyekumbuka kitu, anamgeukia: "Vipi, Ophelia? Huna haja ya kutuambia Bwana Hamlet alisema nini. Tumesikia yote." Kisha anamgeukia mfalme na kuanza kupanga pazia la pili, lile la chumbani kwa malkia. Hamshiki bega, hamuulizi kaumia wapi. Ophelia aliyekuwa akija kwa baba na kusema anaambiwa hana haja ya kusema. Baada ya hapo hatumsikii tena akimweleza baba yake jambo lolote, na tutakapomsikia akizungumza kwa urefu mzee ameshauawa na binti ameshapoteza akili.

Kipande cha tatu kilipita haraka, kama kinavyopaswa. Polonius anapiga kelele nyuma ya pazia, Hamlet anachoma bila kutazama, akidhani ni mfalme. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, lakini pia hakuna aliyefurahi.

Kwenye mjadala, baba yuleyule wa mbele aliomba kuzungumza kwanza. Hakumkana Polonius. Alisema kumtuma mtu Paris bado ni sawa, ila yale masingizio asingeyakubali, kwa sababu mtoto akiharibiwa jina hata kazi hapati. Kisha akauliza swali ambalo nililiandika kwenye daftari palepale: "Huyo binti alimwambia kila kitu mwenyewe. Sasa alikuwa anatafuta nini tena kule nyuma ya pazia?" Mama mmoja wa Chang'ombe alimjibu kwamba baba hakuwa akimtafuta binti, alikuwa akitafuta kusifiwa na mfalme. Nilitafuta hoja ya kumpinga sikuipata. Kila Polonius anapopata habari, safari yake ya kwanza ni kwa Claudius, na furaha yake kubwa ni kuambiwa kwamba dhana yake ilikuwa sahihi.

Wanachuo waliokuwapo walitaka kwenda mbali zaidi na kudai mzazi asiulize kabisa. Hilo halikupita. Mama yule alisema ataendelea kumpigia simu jamaa yake, ila mtoto atajua kwamba anapiga. Naona hapo ndipo mjadala ulipofika mahali pazuri kuliko nilivyotarajia, maana umeweka mpaka ambao tamthilia yenyewe inauruhusu.

Sasa kikundi kinaandaa kipande cha nne, na bado hatujaelewana. Baada ya kifo cha baba yake Ophelia anaimba nyimbo za kifo na mapenzi mbele ya watu wote, na anapotoka Claudius anaagiza: mfuateni kwa karibu, mwangalieni vizuri. Maandishi hayamtaji anayeagizwa, na maonyesho mengi humpa Horatio kazi hiyo. Muda mfupi baadaye Gertrude anakuja na habari kwamba binti amezama. Anaeleza tawi la mti lililovunjika, maua, nguo zilizomwelea juu ya maji kwa muda, nyimbo alizokuwa akiimba hadi nguo zikalowa na kuwa nzito. Kuna mtu aliyeyaona hayo yote hadi mwisho. Katika ufalme unaojaa wachunguzi, mtu pekee aliyehitaji kuangaliwa kwa kweli alikufa akitazamwa, wala hatuambiwi kwamba kuna aliyeingia majini.

Mwongozaji anataka yule kijana anayeigiza Reynaldo asimame pembeni ya jukwaa wakati Gertrude anasimulia, kana kwamba amerudi kutoka Paris na ripoti isiyo na wa kuipokea. Ni wazo zuri sana kwa macho. Mimi naona linaongeza kitu ambacho mwandishi alikiacha wazi kwa makusudi, na nimemwomba simulizi ile aiache kwa malkia peke yake, taa zote zikiwa zimewaka, ili kila aliyekaa ukumbini aonekane naye. Tutaamua kwenye mazoezi yanayofuata.